Mafunzo Niliyopata Nikinunua Mitumba ya Kudumu

Nguo mpya haijawahi kuwa rahisi kupatikana Dar es Salaam kama ilivyo sasa. Ukishuka Kariakoo, Mtaa wa Kongo umejaa spesho: blauzi, magauni na seti za watoto zilizotoka China juzi juzi, bado zina harufu ya kiwandani, na bei yake mara nyingi haipishani sana na ya mtumba mzuri. Mtindo unaonekana kwenye simu leo, na baada ya muda si mrefu umetundikwa mlangoni mwa duka. Nguo ikifuliwa mara chache, kola inajikunja, mshono wa ubavuni unasokota kuja mbele, na rangi inahamia kwenye shuka.

Mimi navaa mtumba. Utotoni nilivaa kwa sababu nyumbani hapakuwa na njia nyingine; leo navaa kwa kuchagua, na wanangu nawavisha hivyo hivyo. Haya ni mambo niliyojifunza kwa miaka ya kuinama juu ya maturubai ya Karume, Tandika na Manzese, na soko la Memorial kila nikienda Moshi. Hayana uzito sawa. Mengine nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoamua kama nguo itakaa nawe au itakuwa takataka mapema.

1. Mkono utangulie jicho

Rangi huita kutoka mbali, na ndiyo maana muuzaji hodari huweka nyekundu na njano juu ya fungu. Nikifika, napitisha mkono kwanza. Pamba nzito hujaa kiganjani na ina ubaridi kidogo. Kitani ni kikavu, na ukikikunja kinabaki na mikunjo. Sufu ukiibana hurudi ilivyokuwa. Poliesta huteleza, na ukiisugua kati ya vidole viwili utasikia inakwaruza.

Kwa hali ya hewa ya Pwani, jambo hili si la urembo. Poliesta hainywi jasho. Hulishikilia juu ya ngozi, na ile harufu hubaki kwenye kwapa la nguo hata ukiiloweka usiku kucha. Mwezi wa Januari, ukisimama kwenye daladala la kwenda Mbagala ukiwa na blauzi ya poliesta, utanielewa bila maelezo zaidi.

Baada ya mkono, natafuta lebo. Ile ya shingoni yenye jina la kampuni naiacha. Naitafuta ile ndogo ya ubavuni inayotaja nyuzi kwa asilimia. Sheria za Ulaya na Marekani zinawalazimisha wauzaji wa nguo kuiweka, hivyo nguo nyingi zinazofika kwetu zinayo. Ikiwa imekatwa, nafumbata kipande cha nguo kwa nguvu kisha naachia nione inavyojikunja, halafu nainyoosha kuelekea mwanga. Fulana inayoonyesha vidole vyangu kwa upande wa pili nairudisha kwenye fungu hata kama ni ya bei ya bure.

Jina la kampuni halinishughulishi. Kampuni ile ile iliyoshona shati zito la pamba miaka ishirini iliyopita huenda leo inashona shati jepesi lenye nembo ile ile.

2. Igeuze nje ndani

Upande wa ndani ndiko ufundi ulikojificha. Naangalia hatua za sindano: zikiwa ndogo na zimekaribiana, mshono utahimili kuvutwa, zikiwa ndefu na zimelegea, aliyeshona alikimbizwa. Naangalia akiba ya kitambaa kwenye mishono na upindo. Sketi na suruali za zamani ziliachiwa upindo mpana, kwa sababu aliyeshona alijua mvaaji atanenepa, au atampa mdogo wake, au atataka kuirefusha. Nguo za sasa nyingi hazina akiba yoyote. Zimekatwa hadi ukingoni ili kuokoa kitambaa, kisha zikapigwa ovaloki na kufungwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni michoro. Kwenye nguo yenye mistari au mirabaraba, tazama mahali vipande viwili vinapokutana, hasa ubavuni na mfukoni. Kama mstari unaendelea bila kukatika, mkataji alikubali kupoteza kitambaa ili vipande vikutane. Anayeshona kwa pupa hawezi kuikubali hasara hiyo. Mara nyingi nguo iliyopita hapa huwa imepita pia kwenye vifungo, zipu na bitana.

Kisha toka nje ya kivuli. Wauzaji wengi hufunika kibanda kwa turubai la bluu, na turubai hilo huipaka kila nguo rangi yake. Nyeupe iliyoungua kwa pasi, doa la kwapani, paja la jinzi lililoanza kukonda, vyote hufichika pale. Muuzaji muungwana hatakuzuia kusogea hatua mbili juani.

3. Ijue safari ya belo

Huko Ulaya, Marekani, Kanada au Korea Kusini mtu huitoa nguo sadaka au huidumbukiza kwenye sanduku la kukusanyia. Makampuni huinunua kwa kilo na kuipeleka kwenye maghala ya kuchambulia, mengine yakiwa Pakistan na Falme za Kiarabu, ambako hupangwa kwa aina na daraja: magauni, blauzi, suruali za wanaume, sweta za watoto. Mashine hulibana belo la kilo 45 hadi 55, kontena hujazwa, meli hushusha bandarini. Mfanyabiashara wa Dar hununua belo likiwa limefungwa. Anajua aina na daraja lililoandikwa, basi. Amelipa fedha kamili kwa kitu ambacho hajakiona.

Belo likifunguliwa alfajiri, wa kwanza kulizunguka ni wenye maduka na wale wanaouza kupitia simu. Hao huchukua daraja la kwanza kwa bei ya juu, hufua, hupiga pasi na kuuza kama nguo ya dukani. Zinazofuata hutundikwa kwenye henga. Zilizobaki humwagwa chini, na hapo ndipo utasikia "buku, buku!", yaani shilingi elfu moja, na siku zikipita, "jero, jero!", yaani mia tano.

Watu wengi wanaamini kwamba ukichelewa umekosa. Mimi sioni hivyo. Wanaowahi wanatafuta kile ambacho wateja wao watakipenda kwenye picha: mtindo wa mwaka huu, nembo inayojulikana, rangi inayong'aa. Shati jeupe la pamba lisilo na mbwembwe, sketi ya kijivu yenye bitana, gauni la kitani la mama wa makamo, hivi huachwa. Ndivyo nivitakavyo mimi. Kwa hiyo naenda saa nne au saa tano za asubuhi, siku ambayo muuzaji wangu ameniambia atafungua belo, na mara nyingi nguo ninazozitaka bado zipo na bei imeanza kulainika.

4. Muuzaji naye ana hesabu zake

Baada ya kuelewa biashara ya belo, nilibadilisha namna ninavyopatana bei. Ndani ya belo moja kuna nguo zitakazorudisha mtaji, zipo za kujikimu, na zipo zisizofaa hata kwa tambara la kudekia. Anayeuza gauni kwa shilingi 8,000 analipia pia yale matano yaliyochanika. Napatana, kwa sababu soko ni mapatano, lakini sianzi na bei ya kumdhalilisha mtu, na sikebehi nguo ninayoitaka ili ishuke.

"Dada, hiyo nikikupa kwa tano nimekula hasara."

"Basi kaka, chukua sita na hii fulana ya mtoto uniongezee."

Mazungumzo haya yamenijengea watu. Yupo mama mmoja Tandika anayeniwekea mashati ya kitani kwa sababu anajua nitayalipia vizuri. Wapo wapiga pasi, wabeba mizigo na mama lishe ambao siku yao inategemea belo hilo hilo. Na ni maisha ya hatari: soko la Karume liliungua Januari 2022 na vibanda kwa wingi vikateketea pamoja na mzigo, soko la Gikomba la Nairobi limeungua mara kadhaa, na moto wake wa Juni 2018 uliua watu 15. Wengi wa wafanyabiashara hawa hawana bima. Shilingi mia tano ninayoweza kumkamua mtu wa namna hiyo hainisaidii kitu.

5. Nunua mabega, kiuno mwachie fundi

Fundi wangu wa cherehani ndiye aliyenifundisha hili. Kiuno kinabanwa, urefu unakatwa, mikono inafupishwa, suruali pana inapunguzwa. Mabega ni kazi nyingine: fundi afumue mikono, akate upya, arudishe, na kwenye koti lenye bitana kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya nguo. Kwa hiyo mabega yakikaa, mengine yanazungumzika.

Natembea na futi kamba kwenye mkoba, na daftari dogo lenye vipimo vya kila mtu nyumbani. Namba zilizoandikwa kwenye lebo haziaminiki, kwa kuwa kila nchi ina zake na kila kampuni huzivuta inavyotaka. Nguo pia naihesabu pamoja na gharama ya fundi kabla ya kulipa. Shati la 3,000 linalohitaji kazi ya 5,000 ni shati la 8,000, na kwa pamba nzito nalipa bila kinyongo.

Usibaki kwenye fungu la jinsia yako. Mashati ya wanaume mara nyingi yana kitambaa bora kuliko blauzi, na fundi akilipunguza shati ubavuni linakuwa blauzi ambayo hutaikuta kwa mtu mwingine. Pita pia kwenye mashuka na mapazia. Hapo nimepata kitani cha kutosha gauni zima kwa bei ambayo dukani isingenipa hata mita moja.

6. Ifuliwe kwanza

Hata kama inaonekana safi. Loweka kwa maji ya moto na sabuni kama kitambaa kinaruhusu, anika juani hadi ikauke kabisa, piga pasi pande zote mbili, mishono isisahaulike. Sufu ioshwe kwa maji baridi na ikaushwe ikiwa imelazwa.

Nguo za ndani sinunui mtumba, na Shirika la Viwango Tanzania linakataza kuziingiza nchini zikiwa zimeshavaliwa. Bado zinaonekana sokoni. Ziache.

7. Nguo za haraka zimeshaingia ndani ya belo

Hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi. Watu hunisifu kwamba kuvaa mtumba ni kuyakataa yale makampuni yanayotoa mitindo mipya kila wiki. Kwa sehemu ni kweli. Shati lililokwisha kushonwa halihitaji pamba mpya, maji mapya wala rangi mpya, na kadiri linavyovaliwa ndivyo gharama yake kwa dunia inavyogawanyika. Lakini mtumba wa leo ni ile ile nguo ya haraka ya juzi, imehama tu mkono.

Ripoti ya Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017 ilieleza kwamba uzalishaji wa nguo duniani uliongezeka karibu mara mbili katika miaka kumi na mitano, huku kila nguo ikivaliwa mara chache zaidi kabla ya kuachwa. Ilieleza pia kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi za nguo hurudi kuwa nguo mpya. Poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, sasa ndiyo uzi unaotumika zaidi duniani. Yote haya yanaishia mahali. Wauzaji wangu wa zamani hawahitaji ripoti. Wananiambia belo la siku hizi lina "mzigo mwepesi", yaani fulana na magauni ya poliesta yaliyochakaa kabla ya kuvaliwa vizuri. Daraja lililoandikwa ni lile lile, nguo za daraja hilo zinazidi kupungua.

Zisizouzika zinakwenda wapi? Kandokando ya Gikomba, vitambaa vimezama kwenye kingo za Mto Nairobi. Accra, nyuma ya soko la Kantamanto, mabaki hutiririka na mifereji hadi ufukweni. Kaskazini mwa Chile, karibu na Alto Hospicio, yamerundikwa jangwani hadi yakaonekana kama vilima. Aliyeidumbukiza nguo kwenye sanduku London alilala akiwa na amani kwamba amesaidia mtu. Gharama ya kuzoa kile kisichofaa imeachiwa halmashauri zetu na mito yetu.

Na kabla ya nguo hizo kuwa mtumba, kuna mtu alizishona. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka likiwa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo ndani yake. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na walilazimishwa kurudi kazini kwa sababu oda zilikuwa na tarehe. Nikishika fulana iliyoshonwa kwa hatua ndefu zilizolegea, huwaza mwendo aliowekewa aliyeishona.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtumba ni njia mbadala pale tu unapoununua taratibu. Anayejaza mfuko wa blauzi za jero kila Jumamosi, akazivaa mara mbili na kuzitupa, amefanya yale yale yanayofanyika kwenye maduka ya Ulaya, ila kwa bei ya Karume. Tofauti inaletwa na miaka utakayoivaa hiyo nguo.

8. Swali la viwanda halikwepeki

Kila nikizungumza habari hizi mbele ya wazee, mmoja atauliza: na Urafiki je? Wana haki ya kuuliza. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza palikuwa na Mwatex, Musoma Mutex, Arusha Kiltex. Mama yangu anakumbuka kupanga foleni kwenye duka la serikali la RTC kusubiri khanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo nguo ilikuwa adimu kwelikweli. Biashara ilipoanza kulegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikamiminika, na watu wakavaa.

Je, mitumba ndiyo iliyoua viwanda? Naamini ilivisukuma, lakini vilikuwa vimeshayumba: mashine zimezeeka, umeme unakatika, vipuri havipatikani kwa kukosa fedha za kigeni. Na leo mshindani mkubwa wa kitenge cha nyumbani ni kitenge kipya kutoka Asia, kinachouzwa duka la jirani.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikaambiwa kwamba nafasi yao ya kuuza Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA iko hatarini. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake ziliondolewa kwenye nafasi hiyo. Nchi kulazimishwa kupokea nguo zilizoachwa na wengine ni jambo linaloniuma, hata mimi ninayezivaa.

Ninachofanya ni kugawa bajeti. Mashati, suruali, makoti na nguo za shule za kubadilishia nachukua mtumba. Khanga na vitenge nanunua vipya, na naangalia pindo kuona vimetengenezwa wapi. Vya viwanda vya hapa navichukua kwanza. Sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga inasafirishwa ikiwa imechambuliwa tu, bila kusokotwa. Doti moja ya khanga haitabadilisha hali hiyo, lakini mteja akiacha kabisa kununua, kiwanda hakina sababu ya kuwasha mashine.

9. Nenda na orodha, na nunua nje ya msimu

Kwenye daftari lile la vipimo naandika pia kinachokosekana nyumbani. Sare ya mtoto imekuwa fupi, baba watoto hana suruali nyeusi, basi. Kisichokuwa kwenye orodha nakiacha mpaka nirudi tena sokoni. Kikiwa bado kimo kichwani, nitakitafuta. Vingi vinasahaulika kabla sijafika kituo cha daladala.

Belo linafuata hali ya hewa ya huko lilikotoka. Makoti mazito ya sufu yanafika Dar ambako hakuna wa kuyavaa, hivyo hukaa chini ya fungu na kuuzwa kwa bei ndogo mno, hasa wakati wa joto. Huko Makete na Njombe, mwezi wa Juni na Julai, koti kama hilo ni mali, na bei yake sokoni inalingana na baridi. Mimi nayanunua Januari. Mwaka huu nimempatia mama yangu mdogo aliyeko Makete koti la sufu tupu, bitana nzima, mabega yanalingana na vipimo vyake. Nimelilipia shilingi 4,000, na fundi amechukua 6,000 kufupisha mikono na kubadilisha vifungo. Lilipofika kwa basi la Njombe, binamu zangu wawili walipiga simu siku hiyo hiyo kuagiza yao, na nimewaambia wanitumie upana wa mabega kabla ya kitu kingine chochote.